Nani amekufungulia mlango? Jibu kwa anayetaka kuwa mtafiti wa maadili ya biashara

SWALI: Shikamoo Dokta. Nina miaka 31 na shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Kwa miaka mitatu nimefanya kazi kitengo cha mahusiano ya jamii katika kampuni moja ya madini Kanda ya Ziwa. Mimi ndiye naandaa hafla za kukabidhi madarasa na zahanati. Sasa chuo kimoja kimenipa nafasi ya mhadhiri msaidizi, na ningependa kusomea uzamivu katika maadili ya biashara na uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Ndugu zangu wananishangaa: mshahara unashuka, halafu eti nikawafundishe wafanyabiashara uaminifu! Je, hii ni kazi ya maisha au ni anasa ya wasomi? Nianzie wapi? Niache kazi kwanza au nisome nikiwa kazini? Pia nina flashi yenye mihutasari ya vikao vyetu vyote na vijiji. Naweza kuitumia kama data?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo flashi iweke kabatini kwanza, usiifungue na wala usimpe mtu. Nitairudia mwishoni.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana inakuhusu kuliko nadharia yoyote. Nilipokuwa nakusanya data za uzamivu wangu, kampuni niliyokuwa naichunguza ilinipokea kama bibi harusi. Nilipewa Land Cruiser, dereva, kofia ngumu, maji ya chupa, na afisa wa mahusiano ya jamii, mtu wa nafasi kama yako, aliyenizungusha kijiji kwa kijiji kwa wiki tatu. Kila nyumba niliyobisha hodi niliambiwa jambo lilelile: tunaishukuru sana kampuni. Nikajaza madodoso, nikafurahi kwamba data zimekaa sawa. Siku mbili kabla sijaondoka, mzee mmoja alinifuata jioni nyumba ya wageni. Nikamkaribisha soda, akakataa. Akaniambia, "Binti, umekuja na gari lao, ukakaa na mtu wao, ukatuuliza kama wao ni watu wazuri. Ulitaka tukujibu nini?"

Sikulala. Msimamizi wangu wa utafiti alinishauri niendelee tu, sampuli imetosha. Nilirudi baada ya miezi minne kwa basi na bodaboda, nikapanga chumba kwa mwalimu wa shule ya msingi, nikaanza upya. Majibu yakawa mengine. Hayakuwa laana tupu. Watu walikisifu kisima, na walikisifu kwa dhati. Kisha wakanieleza jinsi fidia za mashamba zilivyohesabiwa, mwembe upi ulihesabiwa na upi ulirukwa. Wakauliza kwa nini vijana wao wanachukuliwa kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu isiyokwisha. Madodoso ya mara ya kwanza ninayo hadi leo kwenye boksi, na kila mwaka nawaonyesha wanafunzi wangu wa uzamili.

Ndiyo maana mtu akiniuliza aanzie wapi katika fani hii, simtajii kitabu. Namuuliza nani atamfungulia mlango, kwa sababu aliyekufungulia ndiye anayechagua chumba utakachoonyeshwa. Na wewe kwa miaka mitatu ndiye umekuwa mshika funguo. Hilo ni jambo zuri kwako kuliko unavyodhani, na ni hatari kuliko unavyodhani.

Sasa, kama hii ni kazi au anasa. Fani yenyewe ina umri wa kutosha. Mwaka 1953 mchumi wa Marekani, Howard Bowen, aliandika kitabu kuuliza wenye biashara wanadaiwa nini na jamii zaidi ya kupata faida. Mwaka 1970 mchumi mwingine wa Marekani, Milton Friedman, akazijibu fikra za namna hiyo katika jarida la gazeti la New York Times: wajibu wa kampuni ni kuongeza faida, mradi isivunje kanuni za mchezo. Archie Carroll akaja mwaka 1979 na tabaka nne za wajibu, yaani uchumi, sheria, maadili na hisani, na mwaka 1991 akazichora kama piramidi. Katikati yao, mwaka 1984, Edward Freeman akatuletea nadharia ya wadau. Hayo utayasoma mwezi wa kwanza na kuyachoka mwezi wa pili. (Neno "wadau" nalo limetuponyoka. Kwa Freeman, mdau ni yeyote anayeguswa na kampuni au anayeweza kuigusa. Kwetu mdau amekuwa mtu aliyealikwa kwenye warsha, akala chakula cha mchana na kusaini fomu ya posho. Ukikuta kampuni imeandika "tulikutana na wadau", uliza nani alibaki shambani siku hiyo.)

Lakini piramidi ya Carroll usiipite haraka, kwa sababu mwaka 2006 Wayne Visser aliandika jambo ambalo wewe uliyeshika utepe na mkasi huhitaji kuthibitishiwa. Alisema kwamba Afrika tabaka hizo hupangwa tofauti: uchumi uko chini kama msingi, lakini hisani hufuata hapohapo, kabla ya sheria, na maadili hubaki kileleni, padogo. Tafsiri yake kwa lugha ya mtaani ni kwamba kampuni inaweza kukabidhi madawati mia mbili mbele ya mkuu wa wilaya na waandishi wa habari, na mfano wa hundi mkubwa kama mlango, ilhali vibarua wake hawajapelekewa michango ya hifadhi ya jamii. Madawati yanapigwa picha. Michango haipigwi picha.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi katika fani hii. Tasnifu nyingi ninazosahihisha zinachunguza jinsi kampuni inavyogawa pesa: imejenga nini, wananchi wameridhika kwa kiwango gani, kuanzia moja hadi tano. Ni rahisi kuchunguza hayo, na kampuni hufurahi kukusaidia. Swali la maadili ya biashara liko nyuma ya hapo, kwenye jinsi pesa hiyo inavyopatikana: mishahara, kodi, ardhi, maji, bei anayolipwa msambazaji mdogo na siku anazosubiri kulipwa. Ukijifungia kwenye ugawaji, utakuwa mtathmini wa sherehe.

Na usidhani mjadala huu tuliletewa na ndege. Azimio la Arusha la 1967 liliweka miiko: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asipangishe nyumba, asiwe na mishahara miwili. Mwongozo wa TANU wa 1971, katika kifungu chake cha 15, ukawakataza viongozi majivuno, ubadhirifu na uonevu, na wafanyakazi wakakishika kifungu kile kama panga. Waliwafungia mameneja nje ya viwanda wakitaja namba ya kifungu, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wakakitwaa kiwanda na kukiendesha wenyewe. Issa Shivji, msomi wetu wa sheria, ameyaandika hayo kwa kina. Hebu fikiria: miaka zaidi ya 30 kabla ya kampuni zetu kuanza kuchapisha ripoti za uwajibikaji zenye picha za watoto wanaocheka, mfanyakazi wa mashine alikuwa anajadili maadili ya uongozi wa biashara kwa Kiswahili na kwa kunukuu waraka. Nimesahihisha tasnifu ngapi za wanafunzi wa Kitanzania zinazoanza na Bowen na kumaliza na Freeman bila kuutaja Mwongozo? Karibu zote. Na za watu wa pwani haziutaji wakfu, ambao umekuwa ukishughulika na mali, faida na haki ya jamii tangu zamani sana.

Lugha yenyewe ni mtaji wako. Dodoso likitafsiriwa kutoka Kiingereza, litamuuliza mama wa kijijini kama anaridhika na "hisani" ya kampuni. Yeye anayo maneno matano au sita ya kitu hicho na kila moja lina uzito wake: msaada, zawadi, fadhila, haki yetu, chai, takrima. Takrima ilikuwa imeruhusiwa hata na sheria ya uchaguzi hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha vifungu hivyo mwaka 2006, kwa hiyo Mtanzania wa umri wangu akisema "ile zahanati ni takrima" amekupa nadharia nzima kwa neno moja: kitu kimetolewa ili kitu kingine kisiulizwe. Mtu akisema "ile ni haki yetu", hayo ni madai. Mimi nilipoacha kuuliza kuridhika na kuanza kusikiliza mtu anatumia neno gani kuuita msaada wa kampuni, ndipo nilipoanza kuandika makala zinazosomwa.

Nikupe mfano wa utafiti ulioona mbali. Mwaka 2003 Stephanie Barrientos, Catherine Dolan na Anne Tallontire walichapisha uchambuzi wa kanuni za maadili katika kilimo cha maua, matunda na mboga za kuuza nje, Kenya, Zambia na Afrika Kusini. Wanunuzi wa Ulaya walikuwa wameshaanza kudai kanuni hizo, wakaguzi wanakuja, vyeti vinatolewa. Watafiti hawa wakaonyesha kwamba kanuni zilimfikiria mwajiriwa wa kudumu, ilhali wanawake wengi walikuwa vibarua wa msimu. Mambo yaliyowabana wanawake hao, kama ujauzito, malezi ya watoto, saa za ziada zinazotangazwa jioni, usafiri wa usiku, msimamizi anayetaka rushwa ya ngono, hayakuwa na kisanduku kwenye fomu. Mkaguzi anakuja siku moja, anapokelewa na meneja, anachaguliwa watu wa kuongea nao. Unaiona Land Cruiser yangu hapo?

Sasa ruka miaka 20. Mashamba ya chai ya Unilever kule Kericho, Kenya, yalipata mwaka 2007 cheti cha Rainforest Alliance, shirika linalothibitisha mashamba yanayojali watu na mazingira, na cheti kile kilitangazwa kwenye pakiti za chai Ulaya. Februari 2023 BBC ikarusha uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza kudhalilishwa kingono na wasimamizi, kwa miaka mingi, kwenye mashamba yaliyokuwa ya Unilever na ya James Finlay. Mwandishi wa habari aliyejifanya anatafuta kazi alipata kwa muda mfupi kile ambacho wakaguzi hawakukipata kwa miaka. Sikwambii ujifanye kibarua. Kamati za maadili ya utafiti hazitakuruhusu, na kwa sababu nzuri. Nakwambia watafiti wa 2003 walikuwa wameshaeleza kwa nini mkaguzi hataona, na maandishi yao yalikuwepo kwa yeyote aliyetaka kuyasoma. Mtu akikuuliza anasa ya wasomi ni nini, mwambie habari ya Kericho halafu umwache aseme mwenyewe kama kujua mapema ni anasa.

Upande wa pili wa mlango ni pesa yako wewe mtafiti. Desemba 2000, Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, kilikubali pauni milioni 3.8 kutoka kampuni ya sigara ya British American Tobacco ili kuanzisha kituo cha kimataifa cha uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Umesoma sawasawa: pesa ya sigara kusomesha maadili ya kampuni. Richard Smith, mhariri wa jarida la tiba la BMJ, alikuwa profesa wa heshima chuoni hapo. Aliwaomba wasomaji wake wapige kura kama chuo kirudishe pesa na kama yeye aondoke. Chuo hakikurudisha. Yeye mwaka 2001 akajiuzulu.

Si haki kusema kila kilichotoka Nottingham ni moshi. Judy Muthuri, Mkenya anayefundisha huko, aliandika mwaka 2009 pamoja na Wendy Chapple na Jeremy Moon makala kuhusu kampuni ya Magadi Soda, kule Kajiado, na jinsi kampuni iliyozoea kutoa huduma inavyojaribu kuwashirikisha wenyeji katika kuamua. Ni kazi ambayo nakuomba uisome kabla hujaandika mstari mmoja kuhusu Kanda ya Ziwa. Hoja yangu ni nyingine. Tangu siku ile, kituo kile kililazimika kujibu swali ambalo halikuhusu ubora wa utafiti wake. Nawe utaulizwa: nani alikulipia ada, nani alikupa gari, nani alisoma rasimu yako ya kwanza. Jiulize maswali hayo mapema, uyaandike majibu kwenye ukurasa wa mwanzo wa tasnifu, hata kama jibu ni "mwajiri wangu wa zamani". Msomaji husamehe uhusiano uliotajwa. Ule aliougundua mwenyewe hausamehi.

Mimi nilijifunza hilo kwa gharama. Miaka kadhaa baada ya uzamivu nilikubali kazi ya ushauri: kampuni moja ilitaka tathmini ya mahusiano yake na vijiji jirani. Malipo yalikuwa mazuri, nilikuwa na watoto wawili shule ya bweni, nikasaini bila kusoma ukurasa wa tisa. Ukurasa wa tisa ulisema matokeo yote ni mali ya mteja na hayachapishwi bila idhini ya maandishi. Idhini niliiomba mara nne. Ripoti iko kwenye kabati fulani hadi leo, na ndani yake kuna mambo ambayo watu waliniambia wakiamini nitayafikisha mahali. Siku hizi sisaini mkataba wa ushauri usiotaja muda ambao baada yake ninaruhusiwa kuchapisha, na nimekosa kazi kadhaa kwa sababu hiyo.

Kuhusu mada: unayo tayari, iko mezani kwako kila siku. Marekebisho ya 2017 ya Sheria ya Madini, kifungu cha 105, yanamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na akubaliane na halmashauri husika. Kwa hiyo kilichokuwa hiari kimekuwa sheria. India mwaka 2013 ilifanya jambo la kufanana, lakini kwa kutaja kiwango: kampuni kubwa zitumie asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu. Mauritius nayo ilitangulia na asilimia 2 yake mwaka 2009. Kifungu chetu kinasema makubaliano. Basi swali la tasnifu ni hili: wanapokubaliana, nani yuko chumbani? Kijiji kinaingiaje, kwa sauti ya nani, na kinachoombwa na mkutano wa kijiji kinageukaje kinapofika halmashauri? Je, pesa inayotakiwa kisheria bado inaitwa msaada siku ya kukata utepe? Ukijibu hayo kwa wilaya moja tu, kwa makini, umefanya kazi ambayo profesa wa Ulaya hawezi kuifanya bila wewe.

Huhitaji ruhusa ya kampuni kuanza. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuhusu serikali za mitaa ziko wazi, na fedha za uwajibikaji kwa jamii (CSR) hujitokeza humo. Ripoti za TEITI, taasisi ya uwazi katika madini, mafuta na gesi, hulinganisha kile kampuni za sekta hizo zinachosema zimelipa na kile serikali inachosema imepokea. Nimewahi kukaa na jedwali moja usiku kucha kwa sababu ya tofauti ya mstari mmoja. Hukumu za mashauri ya kazi zinasomeka bure mtandaoni, za Tanzania na za Kenya, na humo utakuta mkataba wa kibarua umenukuliwa neno kwa neno, kitu ambacho ofisi ya rasilimali watu isingekupa hata ungepiga magoti. Kama kampuni imeorodheshwa London, Toronto au Johannesburg, soma anachoambiwa mwenye hisa kule, ukilinganishe na anachoambiwa mwenyekiti wa kijiji hapa. Ukishamaliza hayo ndipo ugonge mlango wa kampuni, na utagonga ukiwa unajua cha kuuliza. Vibali ni safari yake: COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), kisha barua ya mkoa, ya wilaya, ya mkurugenzi, hadi ya mtendaji. Weka miezi mitatu. Ukiimaliza kwa miwili, nunua keki.

Mshahara nisikudanganye. Utashuka, na utakaa chini kwa muda. Ngazi ni mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa, na kila ngazi inadai machapisho wakati una darasa la wanafunzi mia nne na mitihani ya kusahihisha. Hapo ndipo majarida ya kulaghai yanapokujia kwa barua pepe tamu, "Mheshimiwa Profesa", lipa dola kadhaa makala itoke wiki ijayo. Mtafiti wa maadili anayenunua uchapishaji nimemwona, na amepandishwa cheo. Wewe subiri. Journal of Business Ethics lipo tangu 1982, Business Ethics Quarterly tangu 1991, na mtandao wa BEN-Africa ulioanzishwa 1999 ndio unaosimamia jarida la Afrika la fani hii. Makala yangu ya kwanza yenye maana ilikataliwa mara tatu, na mara ya tatu mtahini alikuwa sahihi kabisa.

Nje ya chuo hali imebadilika kuliko wakati wangu. Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wa kuripoti masuala ya mazingira, jamii na utawala mwaka 2021, na Juni 2023 vikatoka viwango vya kimataifa vya ripoti za uendelevu, S1 na S2, ambavyo wahasibu wetu wanahangaika navyo sasa. Benki zinaajiri watu wa kazi hiyo. Kwa hiyo ndugu zako wakiuliza utakula nini, chakula kipo. Ninachohofia ni kwamba tutazalisha kizazi kinachojua kujaza ripoti za maadili na kisichojua kuuliza swali la kimaadili, lakini hilo ni la kubishana siku nyingine.

Na hilo la "kuwafundisha wafanyabiashara uaminifu" wanalokucheka nalo: sifundishi uaminifu, walimu wake walikuwa mama zao. Mwaka jana katika darasa la jioni, afisa ugavi mmoja alisimulia jinsi kampuni yake inavyowalipa wauza mboga wadogo baada ya siku 90, huku wenye mashamba makubwa wakilipwa baada ya siku 14. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyepokea chai. Kanuni ya malipo iliandikwa na mtu ambaye hakuwahi kumwona muuza mchicha. Tulitumia saa mbili kuichambua hiyo kanuni, na wiki mbili baadaye aliniambia ameandika dokezo kwa bosi wake. Sijui lilifika wapi.

Neno moja kuhusu data, maana fani yetu imeaibika hadharani. Mwaka 2012 PNAS, jarida la kisayansi la Marekani, lilichapisha makala iliyodai kwamba mtu akisaini fomu juu, kabla ya kuijaza, husema ukweli zaidi kuliko akisaini chini. Ilipendwa, ikanukuliwa na maofisa wa kodi na bima. Mwaka 2021 ilifutwa, baada ya kubainika kwamba takwimu za jaribio mojawapo hazikuwa halisi. Utafiti kuhusu ukweli! Tunza madodoso yako, hata yale ya aibu.

Kazi usiiache leo. Andika kwanza andiko la kurasa tatu, pata msimamizi ambaye hajawahi kulipwa na kampuni yako, pata barua ya ajira ya chuo mkononi, ndipo utoe notisi kwa utaratibu na kwa heshima. Kusoma huku ukiwa mwajiriwa wao sikushauri. Mchana utakata utepe, usiku utauchunguza, na mwisho utamdanganya mmoja kati ya wewe wawili.

Sasa flashi. Mihutasari ile ni mali ya mwajiri, na ndani yake kuna majina ya watu waliosema kikaoni bila kujua kwamba siku moja maneno yao yatakuwa tasnifu. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, ungekuwa umeanza kazi ya maadili kwa kuchukua kisicho chako. Irudishe ofisini kabla hujaondoka. Kama ndani yake kuna jambo la jinai, hilo halihusiani na uzamivu. Lipeleke kwa vyombo husika, na sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa ipo kwa ajili hiyo.

Ila vikao vile vilikuwa na pande mbili. Mtendaji wa kijiji naye aliandika, kwenye kaunta buku lake, kwa mkono, na mara nyingi kwa uaminifu kuliko kompyuta zenu. Ukishapata vibali, nenda ukakae kwenye benchi la ofisi ya kijiji, usome. Kisha iandikie kampuni rasmi, kama mtafiti mwingine yeyote, uombe mihutasari ya upande wao. Wakikupa, vizuri. Wakikunyima, barua ya kukunyima itunze kwenye faili. Itaingia sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti.